Mara ya Sita Ndiyo Ilikuwa Inanimaliza

Mara tano za kwanza ripoti ilifunguka kabla hujapepesa jicho. Mara ya sita ikakwama. Sekunde kumi, ishirini, arobaini, kaduara kanazunguka tu kwenye skrini. Ukizima programu na kuiwasha tena, mambo yanarudi poa. Ukikaa kidogo, shida ni ile ile.

Wasee, hii ni stori ya kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, na nimeikalia muda mrefu kwa sababu inaniaibisha. Mteja wangu alikuwa mama mmoja mwenye ofisi ya vifurushi hapa mjini, karibu na steji za magari ya Nakuru na Eldoret. Kila mtu humwita Madam, na mimi pia. Nilimtengenezea programu ya kuandika kila kifurushi: kimetoka kwa nani, kimefika wapi, kimechukuliwa saa ngapi. Wateja wake wengi ni wadogo, mtu anatuma nguo mbili au simu moja. Lakini ana mteja mmoja wa bidhaa za jumla ambaye karibu nusu ya vifurushi vyote ni vyake. Weka hiyo mahali, tutairudia.

Ripoti iliyokuwa inakwama ilikuwa ya huyo mteja mkubwa. Na mimi, kwa ujasiri wa mtu aliyemaliza chuo juzi, nikamwambia Madam kwamba seva ni ndogo. Akalipia kubwa zaidi. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siku moja akaniita ofisini akanionyesha simu yake.

"Kijana, hii pesa naiona ikienda. Lakini haka kaduara bado kanazunguka."

Sikuwa na jibu. Kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho ni kwamba shida haiwezi kuwa kwenye maswali yangu ya SQL, kwa sababu yote niliyaandika kama kauli zilizoandaliwa mapema. Darasani tuliambiwa hizo ndizo salama na ndizo za haraka. Nikaandika kwenye daftari, nikafaulu mtihani, nikaendelea na maisha.

Salama, sawa. Lakini haraka? Nani alisema, lini, na alikuwa anapima nini? Nilianza kutafuta jibu la hilo swali usiku mmoja nikitarajia kulala saa tano. Nililala alfajiri.

Kwanza tuelewane. Programu yako ikiuliza hifadhidata swali, kuna kazi nne zinafanyika. Hifadhidata inasoma maneno yako ione kama yameandikwa sawa. Inahakikisha majedwali unayoyataja yapo na una ruhusa. Inapanga njia: nipitie faharasa, au nisome jedwali lote kutoka juu hadi chini? Nianze na jedwali gani? Halafu ndiyo inaenda kuleta majibu. Kauli iliyoandaliwa inafanya zile kazi za mwanzo mara moja tu. Unaacha pengo mahali pa thamani, kwa mfano namba ya mteja, halafu kila ukiuliza unatuma thamani peke yake. Kama swali lile lile linaulizwa mara elfu kumi kwa siku, unaona vile utaokoa kazi.

Hii akili haikutoka kwa watu wa tovuti. Imewatangulia kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1970, Edgar Codd, mtaalamu wa hesabu aliyekuwa IBM kule San Jose, California, alipendekeza data ikae kwenye majedwali, na mtu aseme anataka nini bila kueleza itafutwe vipi. Miaka michache baadaye IBM ikaunda kikundi hapo hapo San Jose kujaribu kama jambo hilo linawezekana. Mradi uliitwa System R. Donald Chamberlin na Raymond Boyce ndio waliobuni lugha ambayo leo tunaiita SQL.

Watu wengi walidhani ni ndoto ya wasomi. Hoja yao ilikuwa na maana: kama kompyuta lazima isome sentensi, ielewe, ipange njia, halafu ndiyo itafute, itawahi lini kumhudumia karani wa benki mwenye foleni mbele yake? Mashine za siku hizo zilikuwa kubwa, ghali, na za kugawana. Kila sekunde ya kufikiri ilikuwa pesa. Na toleo la kwanza la System R, lililokuwa la majaribio tu na lilitupwa baadaye, lilifanya hivyo hasa: lilitafsiri sentensi upya kila ilipoulizwa.

Mwanzoni mwa 1976, Raymond Lorie, mmoja wa watu wa kikundi hicho, akaja na wazo ambalo naona halijapewa sifa zake. Alisema: si sentensi ya SQL inaweza kugeuzwa kuwa msimbo wa mashine kabisa, kabla programu haijaanza kufanya kazi? Badala ya kuandika msimbo mpya kila mara, unakuwa na vipande vidogo vilivyo tayari, kama mia moja hivi, na unaviunganisha kulingana na swali. Kusoma, kukagua ruhusa na kupanga njia vyote vinafanyika mapema, siku programu inatayarishwa. Karani akibonyeza kitufe, kinachobaki ni kukimbia.

Walifikiria hata mambo ambayo mimi singefikiria. Mpango ulihifadhiwa pamoja na orodha ya vitu unavyovitegemea. Mtu akiifuta faharasa fulani, mipango yote iliyoitegemea inawekwa alama kuwa imeharibika, na ikiitwa tena inatengenezwa upya yenyewe. Na kwa zile programu ambazo swali lake halijulikani hadi mtu aliandike, waliongeza amri mbili: PREPARE na EXECUTE. Andaa, tekeleza. Ndiyo hizo hizo ninazozitumia mimi kwenye ofisi ya vifurushi, karibu nusu karne baadaye.

Kwa hivyo darasani hawakunidanganya. Haraka ndiyo iliyokuwa sababu ya kwanza.

Lakini kuna kitu kiliachwa nje ya daftari langu. Ukipanga njia mapema, unaipanga bila kujua thamani. Hujui ni mteja gani ataulizwa. Sasa unapangaje?

Mwaka wa 1979 Patricia Selinger na wenzake wa System R walichapisha karatasi inayoeleza vile hifadhidata yao inavyochagua njia. Karatasi hiyo bado inafundishwa vyuoni, na ukiisoma utaona jinsi walivyokuwa wakweli. Kwa swali la aina ya "nipe rekodi zote ambazo namba ni kubwa kuliko hii", wanasema: kama thamani inajulikana wakati wa kupanga, kadiria ukitumia namba ndogo zaidi na kubwa zaidi zilizopo. Kama haijulikani, chukulia ni theluthi moja ya jedwali. Theluthi moja, basi. Namba ya kukisia, mradi tu ionyeshe kwamba hapa kuna kuchuja kiasi.

Nilicheka, halafu nikaenda kucheki msimbo wa PostgreSQL, hifadhidata niliyokuwa naitumia mimi. Theluthi iko pale. 0.3333, na tatu nyingine nyingi nyuma yake. Hifadhidata yako ikikosa kujua thamani kwenye swali la "kubwa kuliko", inakisia kwa namba ile ile ya 1979.

Na kwa swali la "sawa na", kama mteja ni fulani? Hapo ndipo mimi niliumia. Kama kuna faharasa, System R ilihesabu kuna thamani ngapi tofauti na kugawa sawasawa. Wateja 400? Basi kila mmoja ana sehemu moja ya 400. Haijalishi ni yupi. Angalia hiyo vizuri: kwa swali kama hilo, mwaka wa 1979 kujua jina la mteja kusingekusaidia chochote, kwa sababu hifadhidata iliwaona wote wana ukubwa mmoja. Kupanga mapema kulikuwa bure. Ulipata haraka na hukulipa kitu.

Mambo yalibadilika pale hifadhidata zilipoanza kuwa na takwimu nzuri zaidi. Zikajifunza kuweka orodha ya thamani zinazojirudia sana: huyu mteja ana nusu ya jedwali, yule ana rekodi tatu. Kuanzia hapo, kupanga bila kuona thamani kukawa na bei, kwa sababu unaifunga macho hifadhidata ambayo sasa inaweza kuona. Ushauri wa "andaa mapema ni haraka" ukaendelea kupitishwa mdomo kwa mdomo kama zamani, lakini bei yake ilikuwa imeanza kuhesabika.

Wacha nitumie mfano wa nguo. Kuna ya kupimwa na fundi, na kuna ya saizi moja inayouzwa dukani. Ya kupimwa inakukaa fiti lakini fundi atatumia muda wako. Ya saizi moja unaichukua na kuondoka, na kama uko karibu na wastani hakuna atakayejua. Shida ni ukiwa na mabega kama ya yule mteja wa Madam.

Watu wa Oracle walikutana na hili kwa uchungu. Mwaka wa 1992 Oracle7 ilileta sehemu ya kumbukumbu ya pamoja ambapo mpango wa sentensi moja unatumiwa na watu wote, mradi sentensi iandikwe sawa, herufi kwa herufi. Ukiandika namba ya mteja ndani ya sentensi yenyewe, kila mteja anakuwa sentensi mpya, na hifadhidata inapanga upya tangu mwanzo. Watumiaji wakiwa wengi wanaanza kupigana foleni kwenye ile kumbukumbu, na mashine ghali inakwama ikifanya kazi ya kusoma sentensi tu. Tom Kyte, aliyekuwa Oracle, alirudia miaka nenda miaka rudi: acheni mapengo kwenye sentensi, tumeni thamani kando.

Alikuwa sahihi. Kisha 2001 ikaja Oracle 9i na ujanja wa kuchungulia. Thamani ya kwanza ikifika, hifadhidata inaiangalia, inapanga kulingana nayo, halafu mpango huo unatumika kwa wote watakaofuata. Unaona hatari? Kama wa kwanza kuamka ni mteja mdogo, siku nzima wote wanavaa nguo ya mdogo. Kama ni mkubwa, wote wanavaa ya mkubwa. Swali ni lile lile, data ni ile ile, lakini Jumatatu ni mbio na Jumanne ni kilio, kwa sababu tu ya nani alifika kwanza. SQL Server ya Microsoft ina tabia hiyo hiyo, na kule wanaiita kunusa. Oracle ilikubali yaishe mwaka wa 2007 kwa toleo la 11g, ambapo sentensi moja inaweza kuwa na mipango kadhaa kulingana na thamani inayoletwa.

Wakati wakubwa wakipambana na hayo, mtaani kulikuwa na vita vingine kabisa.

Kama unaitwa Ng'ang'a, au unatoka Murang'a, huenda umewahi kujaza fomu mtandaoni ikakataa bila sababu. Sababu ni ile alama katikati ya jina lako. Kwenye SQL, alama hiyo ndiyo inafunga maneno. Programu inayobandika jina moja kwa moja ndani ya sentensi inafika hapo inadhani jina limeisha, na herufi zinazobaki inazisoma kama amri. Ng'ang'a wa watu anapata ujumbe wa hitilafu. Lakini mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika amri halisi baada ya ile alama, na hifadhidata itaitii. Desemba 1998 jarida la wadukuzi la Phrack lilichapisha makala iliyoeleza jambo hili wazi, na tovuti nyingi za wakati huo zilikuwa zimejengwa hivyo hivyo, kwa kubandika.

Dawa ilikuwepo tayari. Kauli iliyoandaliwa inatenganisha sentensi na thamani, kwa hivyo jina linabaki jina hata liwe na alama gani. Java ilikuwa nayo tangu 1997. Kitu kilichobuniwa ili karani asichelewe kikageuka kuwa ngao. Naona hapo ndipo maneno mawili yalishikana kwenye daftari za wanafunzi: salama na haraka, kama mapacha. Wala si mapacha. Walizaliwa miaka ishirini tofauti, na mmoja wao ana masharti.

Chukua wale wa PHP na MySQL, ambao ndio walijenga tovuti nyingi za enzi hiyo, hata za kwetu. MySQL ilipata kauli zilizoandaliwa kwenye toleo la 4.1, lililokamilika 2004. PHP 5 ikaja mwaka huo huo na njia ya kuzitumia. Lakini angalia maisha ya ukurasa wa PHP: mtu anafungua ukurasa, programu inaamka, inaandaa kauli, inaitumia mara moja, ukurasa unaisha, kila kitu kinakufa. Unaandaa pilau ya harusi kwa mgeni mmoja. Tena kuandaa ni safari moja kwenda kwa seva na kutekeleza ni safari nyingine. Kama hifadhidata iko kwenye chumba kimoja na programu, hata hutahisi. Kama programu iko Nairobi na hifadhidata iko Frankfurt, kila kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde mia moja, na hapo umeongeza safari badala ya kupunguza.

Kuna na hii, ambayo iliniuma kidogo. Kwa muda mrefu MySQL ilikuwa na ghala la majibu: swali likirudiwa bila data kubadilika, unapewa jibu la jana. Kauli zilizoandaliwa hazikuruhusiwa kutumia ghala hilo hadi toleo la 5.1.17. Kwa hivyo aliyefuata ushauri mzuri alikuwa anapitwa na mvivu aliyebandika. PDO, maktaba iliyokuja na PHP 5.1 mwaka wa 2005, ikaamua kwamba kwa MySQL itaigiza tu, isipokuwa ukiikataza: inajaza mapengo yenyewe huku kwako, inazikinga zile alama, halafu inatuma sentensi nzima. Mimi nilianzia hapo kabla ya kuhamia PostgreSQL. Miaka yote nikijigamba kwamba naandaa kauli kama mtu mzima, kumbe kule kwa seva hakukuwa na kilichoandaliwa.

Sasa PostgreSQL, ambako mwili wa marehemu ulipatikana.

Ilipata amri ya PREPARE kwenye toleo la 7.3, mwaka wa 2002. Kwa miaka kumi, kauli uliyoipa jina ilipangwa mara moja bila kuona thamani. Saizi moja kwa wote, kama 1976. Watu walilalamika: swali likiandikwa kwa mkono linakimbia, likiandaliwa linatambaa. Mwaka wa 2012, toleo la 9.2 likaleta suluhu ya katikati. Mara tano za kwanza, hifadhidata inapima na kushona: inaangalia thamani halisi na kupanga upya kila mara. Baada ya hapo inatengeneza mpango wa saizi moja, inakadiria gharama yake, na kuilinganisha na wastani wa ile mitano. Kama saizi moja inaonekana nafuu, ndiyo inatumika kuanzia hapo.

Mara tano. Niliposoma hiyo niliacha chai ikapoa.

Kwa nini tano? Nilienda kwenye msimbo. Aliyeandika ameweka maelezo mafupi kando ya ile namba, akikiri kwamba imechaguliwa tu, haina hesabu nyuma yake. Namheshimu kwa hilo. Theluthi ya Selinger ilikuwa hivyo pia.

Nikafungua nakala ya hifadhidata ya Madam kwenye laptopu yangu, nikaandaa lile swali la ripoti kwa mkono, nikaliendesha kwa namba ya mteja mkubwa huku nikiiambia hifadhidata inionyeshe mpango wake. Mara ya kwanza hadi ya tano: inajua huyu ana nusu ya vifurushi, kwa hivyo inasoma majedwali yote mawili moja kwa moja na kuyaunganisha kwa mpigo. Inakadiria gharama kubwa, kwa sababu kazi ni kubwa kweli. Mara ya sita mpango ukabadilika. Pale palipokuwa na namba ya mteja pakatokea alama ya $1. Hifadhidata ilikuwa imeacha kumwangalia mtu.

Ilikuwa imejipigia hesabu: mteja wa kawaida ana vifurushi vichache, kwa hivyo nitapitia faharasa, na kwa kila kifurushi nitaruka kwenye jedwali la pili kutafuta historia yake. Kwa mteja wa wastani, huo ni mpango mzuri sana, na kwenye karatasi ulionekana nafuu kuliko ile mitano ya kushonewa. Ukaushinda. Halafu ukavalishwa mtu mwenye nusu ya jedwali, na hifadhidata ikaanza kuruka kifurushi kimoja kimoja, mamia ya maelfu ya miruko. Kaduara kanazunguka.

Na ile ya kuzima na kuwasha? Mpango unakaa ndani ya muunganisho mmoja kati ya programu na hifadhidata. Ukizima, miunganisho inakatika, hesabu inaanza tena moja. Mara tano za neema, halafu ya sita. Seva kubwa ilikuwa inafanya upuuzi ule ule, kwa nguvu zaidi kidogo.

Kurekebisha kulinichukua mstari mmoja. Tangu toleo la 12, la mwaka wa 2019, PostgreSQL ina kipengele cha plan_cache_mode, ambacho unaweza kukiambia: hapa shona kila mara, usinipe saizi moja. Nikakiweka kwenye ripoti hiyo tu. Sikugusa maswali mengine. Karani akiskani namba ya risiti, risiti ni moja na kifurushi ni kimoja, njia ni ile ile kwa kila mtu, na swali linaulizwa siku nzima. Hapo Lorie bado yuko sahihi kabisa, na ngao ya kina Ng'ang'a iko pale pale kwa maswali yote, ripoti ikiwemo.

(Wadau mnaotumia PgBouncer kugawana miunganisho, stori yenu ni nyingine. Kauli iliandaliwa kwenye muunganisho huu, swali lako linatumwa kwenye ule, na unaambiwa kauli haipo. Wengi walizima kuandaa kabisa kwa sababu hiyo. Toleo la 1.21 la Oktoba 2023 lilirekebisha, kwa hivyo kama ulizima zamani, nenda uangalie tena.)

Nilienda kwa Madam asubuhi, kabla magari hayajaanza kupakia. Nikamwambia afungue ripoti. Ikafunguka. Nikamwambia afungue tena, na tena, hadi mara kumi. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Sasa umefanya nini?"

Nikamweleza. Sikutaja System R. Nilimwambia kuhusu nguo za saizi moja, na akaelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa.

"Kwa hivyo ile seva kubwa ilikuwa ya nini?"

"Haikuwa na kazi, Madam. Nilikosea."

Alinyamaza kidogo, akafunga simu, akaiweka juu ya meza.

"Miezi mitatu, kijana. Niletee hesabu."

Nikamletea siku hiyo hiyo. Tukarudi kwenye seva ndogo, na tukakubaliana tofauti ikatwe kwenye malipo yangu ya kila mwezi, kidogo kidogo. Makato ya mwisho ni Ijumaa hii.